Furaha ya Safu ya Kumi na Nne

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Jina la zamani lilipelekwa kamatini kufanyiwa ukarabati, kamati ikaomba muda, muda ukaongezwa, na wajumbe wawili wakastaafu. Kwa hiyo nikisema "nchi yetu" msidhani nina la kuficha. Na kama yupo msomaji anayedhani ameitambua, namwomba aitafute kwenye ramani. Hataiona. Ramani nazo zipo kamatini.

Nilihitimu shahada yangu ya Maendeleo ya Jamii nikiwa na matumaini tele, na baada ya kusubiri miaka miwili tu nikapata kazi ya majaribio katika Idara ya Furaha ya Umma. Niliosoma nao walinitania, wakaniita Bwana Kicheko. Sikujali. Siku nilipopokea barua ya ajira nililia, na karani wa masjala akayaandika machozi yale kwenye faili langu chini ya kichwa "uzoefu wa kazi". Niliamini kabisa kwamba serikali inayojishughulisha na furaha ya mtu mmoja mmoja, kwa jina na namba ya kiti, haiwezi kuwa serikali mbaya.

Mwezi wa nne wa majaribio yangu ndipo likatangazwa tamasha la Hamduni Kilua.

Kwa faida ya vijana: Hamduni Kilua ndiye aliyekuwa akiimba kwenye kila redio ya nchi hii kabla hatujazaliwa. Halafu alinyamaza miaka kumi na tano, akipumzika kwa ushauri wa serikali. Sasa serikali ilimshauri asipumzike tena. Ilimpa cheo cha Sauti ya Taifa na ikatangaza kwamba ataimba mbele ya wananchi elfu nne, saa tisa alasiri, kwa kuwa furaha ya usiku haionekani vizuri. Tiketi hazikuuzwa. Zilipelekwa majumbani na tarishi wa mahakama, na kila aliyeipokea alitia saini mbele ya shahidi.

Mama yangu mkubwa, Bi Zamoyoni, alipokea ya kwake kwa mikono miwili. Tarishi alisema katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyemkaribisha chai.

*

Mama mkubwa ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipofariki, nikiwa na miaka mitatu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika mitambo ya simu ya posta, enzi zile za kuunganisha watu kwa waya, na masikio yake yalijulikana. Akisikia "halo" moja tu alikuambia kama huyo mtu amekula au hajala, na kama anayempigia ni mkewe au si mkewe. Watu wazima walikuwa wakipunguza maneno mbele yake.

Mama mkubwa alimsikia Hamduni Kilua ukumbini mara moja tu, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nimesimuliwa habari ya siku ile mara nyingi kuliko habari ya kuzaliwa kwangu. Wimbo uliokuwa ukingojewa na wote uliitwa "Habari za Huko". Ulikuwa na utaratibu wake. Hamduni aliimba, "Habari za huko, habari za huko kwenu?" Ukumbi mzima uliitikia, "Nzuri." Maana ndivyo tulivyo, mtu wa kwetu akiulizwa habari husema nzuri, hata nyumba yake ikiwa inaungua. Ni baada ya hapo ndipo husema "ila". Basi Hamduni aliweka mkono sikioni, bendi ikapunguza sauti, na yeyote mle ndani aliyekuwa na ila yake alisimama akaiimba. Nzuri, ila bomba letu lina miezi miwili halitoi maji. Nzuri, ila mchumba wangu ameandikiwa uhamisho. Hamduni aliichukua ila ile, akaitia katika ubeti uliofuata, akamrudishia mwenyewe ikiwa imepambwa. Kwa hiyo wimbo ule haukuwahi kuimbwa mara mbili ukawa uleule.

Siku ile mama mkubwa alikuwa na ila yake tayari mdomoni. Aliona haya. Mtu mwingine akasimama.

"Nitamsikia tena," aliniambia akiwa ameishika tiketi. "Safari hii simwachii mtu."

Nilimhurumia kwa furaha yake. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikaomba kama hisani kwamba mama mkubwa akae katika safu nitakayoisimamia, ili nimsaidie. Ombi langu lilikubaliwa siku hiyohiyo. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi, ila nilikuwa bado mgeni kazini.

*

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Fungameza, Naibu Mkurugenzi wa Makofi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa anywe dawa. Alituita waangalizi wa safu wote, mia tatu na ushei, akatufundisha kwa siku tatu.

"Ndugu zangu," alisema, "wenzetu wana mafuta, wana gesi. Sisi tuna furaha. Ni rasilimali. Hatuwezi kuiacha ivuje ovyo."

Alitueleza kwamba juu ya jukwaa zitafungwa taa nne. Ya kijani ikiwaka, makofi. Ya njano, vigelegele, kwa wanawake na kwa wanaume wenye kibali. Ya buluu, machozi. Nyeupe ni kimya cha heshima. Kila mwangalizi atakuwa na fomu yenye majina ya watu wake kumi na wawili, na kila mmoja atapewa alama kuanzia sifuri hadi tano. Atakayepata chini ya mbili atapanda basi litakalokuwa nyuma ya uwanja, aende Kliniki ya Furaha kwa siku tisini.

Kliniki ile tuliijua. Bwana Tindo, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikwenda akarudi anatabasamu. Alitabasamu alipokuwa akikata kitambaa, alitabasamu alipolala. Alipofiwa na mdogo wake alisimama kaburini akitabasamu, na waombolezaji wakawa hawajui wampe pole au wampe hongera. Wataalamu wanasema hilo litapungua baada ya miaka michache.

Kisha Bwana Fungameza akafika kwenye "Habari za Huko". Alisema hadhira haitaitikia wimbo ule. Uitikio ulikuwa umesharekodiwa na watumishi mia tatu wa Wizara ya Ardhi, ambao walipimwa wakaonekana wana sauti safi kuliko wananchi. Wao wangeitikia, "Nzuri, nzuri, nzuri sana," na wimbo ungeendelea. Sehemu ya ila ilikuwa imeondolewa ili kubana muda.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo. Siku ya kurekodi ilinyesha mvua kubwa juu ya bati, na mvua ile ilisikika kuliko Wizara ya Ardhi. Mwangalizi mmoja akauliza kwa nini isifutwe. Bwana Fungameza akamjibu kwa masikitiko kwamba mafundi walijaribu, ila mvua na uzalendo vilikuwa katika utepe mmoja, na ukitoa kimoja na kingine kinatoka. Hivyo kila mwananchi atapewa mwavuli, na wimbo ule ukianza wote watafungua miavuli yao, ili sauti na picha visipingane.

Niliandika yote katika daftari. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama mkubwa habari za taa na za miavuli. Habari za uitikio sikumweleza. Alikuwa anapiga pasi gauni.

*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali kama limelipwa. Uwanja wa tamasha hauna paa. Saa tisa kamili ilianza hotuba ya Waziri, ambayo ilimkaribisha Waziri mwingine, ambaye alitukumbusha kwamba bila serikali kusingekuwa na sauti, kwa kuwa hewa yenyewe inalindwa kisheria. Saa kumi na moja kasoro tulikuwa bado tunakaribishwa. Taa ya kijani ilikuwa imewaka mara thelathini na nane. Mama mkubwa alipiga makofi mara zote thelathini na nane, kwa adabu, kama mtu anayelipia kiingilio. Nilimwandikia nne nikatulia.

Kushoto kwake alikaa Mwalimu Kazumba, mwalimu mstaafu, mtu wa kupenda kushika namba moja. Alikuwa amekuja na kibali cha vigelegele kikiwa kimetiwa karatasi ya plastiki na kutundikwa shingoni. Kila alipomaliza kupiga makofi alinichungulia kwenye fomu.

"Mwangalizi, mimi una tano?"

Nilimwambia ana tano.

"Na huyu bibi?"

Nilimwambia ni siri ya ofisi. Akamtazama mama mkubwa kama anavyotazamwa mtoto anayeibia kwenye mtihani.

Hatimaye Hamduni Kilua akatoka. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Niliyemwona sasa alikuwa mzee mwembamba ndani ya koti la kumetameta lililoshonwa kwa kipimo cha zamani, nywele zake nyeusi sana na zimekaa upande. Vijana wawili wa usalama walimshika viwiko hadi kwenye maikrofoni, wakamwachia taratibu, wakingoja kuona kama atasimama. Alisimama. Muziki ukaanza, na sauti ikajaa uwanja, sauti ileile ya redioni, nene, changa, haina hata mkwaruzo.

Nilifurahi. Nilidhani kila kitu kitakwenda sawa. Katika wimbo wa pili Hamduni alikohoa, akainama, akajifuta mdomo kwa leso, na muda wote ule sauti yake iliendelea kuimba bila kutetereka. Nilivutiwa na ufundi ule. Katika wimbo wa tatu alisahau kufungua mdomo kabisa, akawa anatazama miguu yake, na sauti ikapanda juu ikatulia palepale kama tai. Taa ya kijani ikawaka. Watu elfu nne wakapiga makofi.

Mama mkubwa alikuwa ameweka mikono mapajani.

Nilimnong'oneza kwamba ni kijani. Nilimwambia tena. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya zamani simu ikiwa na kelele.

"Shomari," alisema, "nani anaimba?"

"Hamduni Kilua, mama mkubwa. Si yule pale?"

"Yule hajafungua koo tangu afike. Hii ni santuri. Hapa kwenye 'wangu' sauti ina mkwaruzo mdogo, ninayo nyumbani, mkwaruzo ni huohuo."

Mwalimu Kazumba akasogeza kiti chake sentimita kadhaa kutoka kwake.

Nilimwomba. Nilimwambia apige tu, hata kidogo, hata asipomaanisha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwomba mtu asimaanishe, na nilishangaa jinsi maneno yale yalivyonitoka bila shida. Alinipigapiga goti, akaniambia nisiogope, yeye anangoja. Amekuja kumsikiliza mtu, na mtu bado hajaanza.

Taa ya njano ikawaka. Mwalimu Kazumba akapiga kigelegele kirefu hadi kibali kikamgonga kidevu. Mama mkubwa kimya. Taa ya buluu ikawaka, na pande zote watu wakatoa vitunguu walivyokuwa wameficha kwenye leso. Mama mkubwa macho makavu. Kutoka upande wa njia nilimwona Bwana Fungameza akija polepole, akisimama kila safu, akisoma fomu kwa kidole.

Alipofika kwetu kidole chake kilisimama kwenye kiti namba saba. Pale nilikuwa nimeifuta ile nne nikaandika, badala ya alama, "anajikusanya".

"Anajikusanya tangu lini?" aliuliza kwa upole.

Nilimwambia ni mtu mzima, furaha yake huanzia mbali. Alimtazama mama mkubwa, akanitazama mimi, akatazama saa. Alisema umebaki wimbo mmoja. Alisema pia kwamba mimi ni kijana ambaye Idara inamtegemea, na kwamba basi limeshawashwa.

Ni kweli lilikuwa limewashwa. Nililisikia nyuma ya ukuta, linanguruma taratibu, na wakati wa kuingia nilikuwa nimeona mapazia yake yameshushwa.

*

Wimbo wa mwisho ulikuwa "Habari za Huko". Gitaa la kwanza liliposikika miavuli elfu nne ilifunguka kwa mkupuo, chini ya jua lisilo na wingu hata moja. Pakawa na giza la ghafla na joto la tanuri. Nilifungua wangu. Mwalimu Kazumba alifungua wake na kukunja suruali ili asilowe. Mama mkubwa aliuacha wake chini ya kiti, akabaki peke yake juani, kama kisiwa.

"Habari za huko," iliimba santuri, "habari za huko kwenu?"

Mvua ikaanza kwenye vipaza sauti. Ndani ya mvua Wizara ya Ardhi ikaitikia, "Nzuri, nzuri, nzuri sana."

Nilimwona mama mkubwa akifumba macho, akisikiliza mvua ile na watu wale mia tatu, mmoja mmoja, kana kwamba anawapitia kwenye waya. Kisha akasimama. Nilimshika gauni. Gauni lilikuwa na joto la jua. Aliutoa mkono wangu bila ukali.

Hakuwa na sauti kubwa. Lakini pale uitikio ulipokwisha palibaki nafasi ndogo, ile iliyokuwa ya ila zamani, ambayo mafundi walisahau kuiziba. Mama mkubwa aliingia humo.

"Ila mgeni tuliyemjia," aliimba, "hajafika bado."

Jukwaani, Hamduni Kilua aliinua kichwa.

Santuri iliendelea na ubeti wa pili. Yeye hakuendelea nao. Alisogea pembeni ya maikrofoni, hatua moja, ya pili, akafika ukingoni, akatazama lile shamba la miavuli hadi alipomwona mtu mmoja asiye na mwavuli. Akaweka mkono sikioni. Mama mkubwa akaimba tena, safari hii kwa sauti ya msichana aliyekosa nafasi yake ukumbi wa reli.

"Hajafika bado."

Mzee alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kitu chembamba, kimepasuka katikati, kinatafuta noti na kuipita. Safu ishirini za mbele tu ndizo zilizokisikia. Sijasikia uimbaji mbaya kama ule, na sikutaka uishe.

"Nimefika mama," aliimba. "Nimefika. Walinichelewesha njiani."

Halafu akacheka. Na mama mkubwa akacheka. Walikuwa umbali wa safu kumi na nne, wazee wawili, wanacheka kama watu waliokutana stesheni.

Mwendesha taa hakuwa amefundishwa jambo hili. Aliziwasha zote nne. Watu elfu nne wakajaribu kupiga makofi, vigelegele, kulia na kunyamaza kwa wakati mmoja, na Mwalimu Kazumba, ambaye hakutaka kupungukiwa hata na kimoja, alizimia kwenye kiti chake. Vijana wa usalama wakamshika Hamduni viwiko. Ilitangazwa kwamba Sauti ya Taifa amezidiwa na mapenzi ya wananchi. Tamasha liliendelea bila yeye kwa nyimbo mbili za nyongeza, maikrofoni ikiwa imesimama peke yake, na gazeti la kesho yake liliisifu sehemu hiyo kuwa ndiyo iliyopangika kuliko zote.

*

Kwenye kiti namba saba niliandika tano. Mimi ni mtu mkweli. Nilifikiri mtu yeyote mwenye moyo akiusoma ukweli atauelewa, kwa hiyo pembeni niliongeza: "Amefurahi. Hakupiga makofi kwa sababu alikuwa anasikiliza."

Bwana Fungameza alisoma maneno hayo mara mbili katika hema lake nyuma ya jukwaa. Mama mkubwa alikuwa amekalishwa kwenye benchi, uso ukielekea turubai. Nje, kwenye mwanya wa hema, niliuona mlango wa basi ukiwa wazi.

"Umemwumiza, kijana wangu," alisema, na nadhani alisikitika kweli. "Ungemwandikia sifuri, zingekuwa siku tisini, arudi. Wewe umemwandikia tano, tena bila taa. Hiyo inaitwa furaha binafsi. Ya namna hiyo haina siku tisini. Anakaa mpaka ipoe."

Nilimwuliza huchukua muda gani kupoa. Alisema wa kwanza walikwenda miaka kumi na mmoja iliyopita na wataalamu bado wana matumaini.

Nililia. Nilimwambia huyu ndiye mama niliyebaki naye. Bwana Fungameza alinisubiri nimalize, akanipa leso ambayo haikuwa na kitunguu, kisha akafunua kitabu cha kanuni. Alisema kuna njia moja. Kiziwi hahesabiki. Kiziwi akisimama akaimba katikati ya tamasha, huko ni kutosikia kunakoendelea, si furaha. Nikiandika kwenye fomu kwamba kiti namba saba ni kiziwi, na akithibitika, atarudi nyumbani jioni hiyo. Redio yake na santuri zake zitachukuliwa, maana havitakuwa na matumizi, na afisa atapita kila Ijumaa kuhakikisha bado hasikii.

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, hatua mbili nyuma ya mama mkubwa.

Nilichukua kalamu. Mbele ya jina la mwanamke aliyekuwa na masikio kuliko watu elfu nne niliandika "kiziwi", na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

"Sasa kipimo," alisema Bwana Fungameza. "Kanuni inataka ndugu wa karibu asimame nyuma yake hatua tatu na kumwita mara tatu. Akigeuka, tumemaliza. Mimi sitakuwa na la kufanya."

Nilisimama hatua tatu. Niliuona mgongo wake, ukosi wa gauni alilolipiga pasi, kishikizo kimoja ambacho huwa namfungia mimi kwa sababu hakifikii.

"Mama mkubwa," nilimwita.

Hakugeuka.

Basi lilinguruma nje. Niliomba Mungu asigeuke, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilitaka ageuke.

"Mama mkubwa Zamoyoni. Ni mimi, Shomari."

Hakugeuka. Bwana Fungameza alipiga tiki ya pili. Alinifafanulia kwa sauti ya chini kwamba mwito wa tatu unapaswa kuwa ule ambao mhusika, akiwa anasikia, hawezi kuuacha. Kanuni ilikuwa imeandikwa na mtu aliyewafahamu binadamu. Nilijua ni upi. Nilikuwa na miaka minne, niliugua homa, nikamwita hivyo mara moja tu, na yeye akanikataza taratibu, akasema jina hilo lina mwenyewe na tusimnyang'anye kwa kuwa amekufa. Sikumwita hivyo tena.

"Mama," nilisema.

Niliona mabega yake yakipanda, yakasimama huko juu. Niliona mkono wake ukilishika benchi. Mabega yakashuka.

Bwana Fungameza akagonga muhuri.

*

Sasa ni mwezi wa sita tangu siku ile, na nina furaha kuwaarifu kwamba nimethibitishwa kazini. Nilipewa nyumba ya serikali yenye vyumba viwili. Ripoti yangu ya tamasha inatumika kufundishia waangalizi wapya, isipokuwa ukurasa mmoja.

Mama mkubwa hajambo. Afisa anayempitia kila Ijumaa ameniambia hajawahi kuona kiziwi mwaminifu kama yule. Ameangusha sinia nyuma yake, amepiga filimbi, hata kope hazimtikisiki. Majirani wanasema hivyohivyo. Nimejaribu kujua kama anaitii tu sheria au ni mimi ananiadhibu, ila hilo ni jambo la kumwuliza, na kiziwi haulizwi.

Jumapili huwa nakwenda kumwona. Nikifika mlangoni nasikia mbuzi ya kukunia nazi ndani, mama mkubwa anakuna, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, haraka haraka kama zamani alipokuwa akiniwahishia chakula niende shule.

Nasema hodi. Mbuzi inanyamaza.

Nasema hodi mara ya pili, nangoja. Naambiwa na kila mtu nisukume tu mlango, haujafungwa. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya mlangoni, kwamba mtu hubisha mara tatu, na asipokaribishwa hurudi alikotoka.

Nabisha ya tatu. Kisha naondoka, na nikifika kwenye kona ya nyumba nasikia nazi inaanza tena kukunwa.